Gari Lililonyolewa

Kuna biskuti fulani za maziwa, zile za mstatili zenye vitobo juu, ambazo siwezi kukaa nazo meza moja. Juzi ofisini mwenzangu alifungua pakiti akanisogezea, "Karibu, dada," nami nikainuka na kikombe changu cha chai nikaenda kusimama dirishani. Akaniuliza kama nina ujauzito. Kwa umri huu! Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akainusa pakiti, akasema mbona hazinuki chochote. Kwake labda. Kwangu mimi biskuti zile zinanuka grisi, na zinanuka vidole vya mtu mzima aliyeketi kwenye kigoda cha mama yangu akinyonya kichwa cha samaki.

Siku hiyohiyo, utadhani pua yangu ilipewa taarifa mapema, ujumbe ukaingia kwenye kundi la ukoo la simu. Baba Mkubwa amefariki. Hata chai haijapoa, sifa zikaanza kumiminika. Nguzo ya ukoo. Mtu wa watu. Mlezi wa yatima. Mlezi wa yatima! Nilisoma maneno hayo nikasikia mate yananijaa mdomoni, yale ya majimaji yanayotangulia kutapika. Yatima wanaosemwa ni mimi na mdogo wangu. Sasa ninyi wenzangu wa rika langu, mnaojua misiba ya kwetu inavyokwenda, kaeni niwaeleze tulivyolelewa.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Katubuka, katika mji wa kando ya ziwa. Baba alikuwa na landrova iliyomzidi umri, aliyoinunua mnadani ikiwa imeshachoka, akawa anaifufua kidogo kidogo kila alipopata nafasi. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya mpira, na sakafuni palikuwa na tundu ambalo mimi nililipenda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukiinama unaona barabara inakimbia chini ya miguu yako. Kwa gari hilo Baba alikwenda kijiji cha Ilagala kuchukua dagaa na mawese, akayaleta mjini kwa wanunuzi. Masika yakipiga, njia ile ilikuwa inameza magari ya watu mpaka kwenye milango. Letu lilikuwa linapita, na Mama amekaa pembeni ya Baba amebeba kikapu mapajani.

Injini yenyewe ilikuwa ya petroli, na Baba aliipaka mfuniko wake wa juu rangi ya bluu, ile iliyobaki alipopaka madirisha ya nyumba yetu. Mama alimcheka. "Sasa nani ataiona rangi humo ndani ya boneti?"

"Mimi nitaiona," Baba akajibu. Kisha akaninyanyua nami nikaiona.

Baba aliugua, akalazwa, akatuacha. Hapo sitakaa, maana hata sasa sijui kupaeleza. Nianzie siku ya kuondoa matanga, kwa sababu ndiyo siku niliyoielewa vibaya.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga wafiwa wananyolewa. Watu walijaa uani, wembe ukapita kichwa hadi kichwa, na maji yalikuwa ya baridi. Mimi nilikuwa na nywele nyingi nilizozionea fahari shuleni, basi nililia mpaka kwikwi zikanishika. Mama, mwenyewe kichwa kikimng'aa, alinivuta akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Tunamnyolea baba. Zitaota tena, na zikiota utaona moyo nao umepungua uzito." Nilimwamini. Niliangaza huku na huku nikaona kila kilichokuwa cha Baba kimenyolewa: Mama, mimi, mdogo wangu, shangazi zangu. Nikaridhika.

Wazee wa ukoo wakakaa kwenye mkeka kugawa vitu. Baiskeli ikaenda huku, redio ikaenda kule, koti la Baba likavaliwa palepale na mtu ambaye hata mikono haikumfika. Halafu wakamgeukia Mama wakamuuliza yeye anaomba nini. Mama akapiga magoti. "Naomba gari tu, wazee wangu. Nilelee hawa watoto."

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ndiye aliyekuwa msemaji. Alikuwa mtu mwenye tumbo, sauti nzito na tabasamu la kila saa. Akakohoa, akamwangalia Mama kwa huruma ile ya mbele za watu. "Gari apewe mama watoto," akasema. Wazee wakaitikia, wanawake wakamshukuru, na mimi nikamwona Baba Mkubwa kuwa mtu mwema kuliko watu wote duniani. Heri ningekuwa nimeumwa macho siku hiyo.

Hazikupita siku nyingi akaja. Mama alikuwa amempeleka mdogo wangu kliniki, mimi nimebaki kulinda nyumba. Baba Mkubwa aliingia na vijana wenye misuli, wakiwa na magogo marefu na mnyororo wa kunyanyulia vitu vizito, na nje wameegesha pikapu. Nikampa shikamoo. Akaniitikia, akanipapasa kichwa changu kipara, akasema, "Mwanangu, sisi tunalishughulikia gari la baba yako. Wewe tupikie chochote, kazi hii inataka nguvu." Nikaona fahari! Nikasonga ugali, nikawapashia ile migebuka, samaki wa ziwani, ambayo Mama aliiacha iwe chakula chetu cha usiku, nikawatengea vizuri na maji ya kunawa.

Wakati ugali unaiva, nilichungulia mlangoni. Wale vijana walikuwa wamesimamisha magogo yao matatu juu ya landrova, mnyororo unalia kra kra kra, na injini ya Baba inapanda taratibu kutoka ndani ya boneti, inadondosha mafuta meusi. Niliona ule mfuniko wa bluu unazunguka hewani. Kisha wakaishusha, wakaifunika kwa shuka, wakaipakia kwenye pikapu.

Na mimi, akili yangu ya mtoto ikafanya hesabu yake. Sote tumenyolewa. Gari la Baba peke yake lilikuwa bado halijanyolewa, na lenyewe nalo ni la Baba, lilimpenda, lilikuwa linamtii. Kumbe Baba Mkubwa amekuja kulinyoa! Nikaona ni haki kabisa. Hata nikalionea huruma gari, maana nilijua jinsi kichwa kinavyopigwa na baridi siku ya kwanza.

Walikula. Naomba radhi kwa nitakayoyasema, ila ndiyo niliyoyaona. Baba Mkubwa hakunawa. Alikandamiza tonge kwa vidole vilivyojaa grisi mpaka ugali ukawa na michirizi myeusi, akaumeza hivyohivyo. Akachukua kichwa cha samaki, akakinyonya kwa mlio, akakitoa, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Mafuta ya samaki na mafuta ya injini ya baba yangu yalimtiririka pamoja mpaka kwenye kiwiko, naye akayaramba. Aliyaramba! Alipomaliza akaingiza mkono uleule mfukoni, akatoa pakiti ya biskuti, akanipa. Nilipokea kwa mikono miwili nikapiga goti. Nilizila zote nyuma ya nyumba, na alama za vidole vyake zilikuwa juu yake. Wakati ule nilidhani ndiyo ladha ya biskuti.

Mama aliporudi nilimkimbilia barabarani nimwahi na habari njema. "Mama, Baba Mkubwa amekuja, wamelinyoa gari!"

Hakunielewa. Aliingia uani, akaona mafuta yaliyomwagika ardhini, akafungua boneti. Aliinama kutazama, mtoto mgongoni. Ndani palikuwa na nyaya zinazoning'inia na tundu kubwa. Kisha akakaa chini, palepale kwenye mafuta, na kanga yake mpya ya msiba.

Kesho yake alinishika mkono tukaenda Ujiji nyumbani kwa Baba Mkubwa. Tulimkuta barazani anachokonoa meno. Mama akapiga goti, "Shikamoo, shemeji." Akaitikia. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, injini iko wapi?"

Baba Mkubwa akatema kipande cha njiti. Akatabasamu lile tabasamu lake. "Shemeji, si uliomba gari? Umepewa gari. Injini uliomba lini?"

Waliokuwa barazani wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilimwona Baba Mkubwa ana haki. Mtu anaombaje nywele? Nywele zinaota zenyewe.

Mama alikwenda kwa wazee waliogawa, mmoja baada ya mwingine. Huyu akamwambia mambo ya ukoo yanataka utaratibu. Yule akamwambia ashukuru kuna wajane wametolewa na ndoo tu. Mwingine akaeleza kabisa kwa utulivu, kama mtu anayegawa nyama, kwamba bodi la gari ndilo la mjane, injini imebaki kwa ukoo. Walikuwa watu wazima, wana wajukuu, wanasali. Nikiwakumbuka nataka kunawa mikono.

Mimi huku nilikuwa na kazi yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa napanda juu ya bampa, nasukuma boneti, nachungulia kama injini imeanza kuota. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa kimeshaanza kuwa na vinyweleo, nikivipapasa vinakwaruza. Nikawa najipapasa mimi, kisha napapasa ndani ya gari. Kwangu kunakwaruza, kwa gari hakuna kitu. Siku moja nikakuta kuku wetu ametagia mle. Nikadhani ndiyo mwanzo wenyewe, nikaenda kumwambia Mama kuna kitu kimetokea. Mama akayatoa mayai, akatukaangia.

Bila gari, mzigo wa Ilagala ukawa unakuja kwa kubahatisha. Mama aliomba nafasi kwenye magari ya watu, akawekwa wa mwisho, na mara nyingi akaachwa. Masika yalipochanganya, dagaa walimfikia wakiwa wameshalowa, na wanunuzi wakawakataa. Hakuwa na pa kuwaanika, jua lenyewe lilikuwa halionekani, basi magunia yakaingia chumbani tunamolala. Mnaijua harufu ya dagaa waliolowa? Wakavu wananukia vizuri, hao nawapenda mpaka leo. Waliolowa wanaoza kutokea katikati ya gunia, na gunia linapata joto ukiligusa. Nilikuwa naamka nakuta mabuu yanatembea sakafuni kwa mstari kuelekea kwenye mkeka wetu, meupe, manene, hayana haraka. Mdogo wangu aliokota moja akalitia mdomoni, Mama akamtoa kwa kidole. Nguo zangu za shule zilinuka. Aliyekuwa anakaa nami dawati moja alihama, na mwalimu akaniambia nikae karibu na dirisha nipate hewa. Hakusema ni nani hasa aliyehitaji hiyo hewa.

Ndipo siku moja Mama akanichukua twende Kibirizi, kwenye soko la ufukweni, kutafuta dagaa wa karibu. Akiwa anabishana bei, nikasikia, "Mwanangu! Njoo hapa!" Alikuwa Baba Mkubwa, amekunja suruali, amesimama majini hadi vifundoni kando ya boti mpya ya mbao. Nikamkimbilia. Shikamoo, marahaba, na mkono ukaingia mfukoni. Biskuti zilezile. Nikatia moja mdomoni, nikajishika kwenye ukingo wa boti nichungulie ndani, kama mtoto yeyote angefanya.

Katikati ya boti, imefungwa kwenye mbao, imelowa mafuta na magamba ya samaki, ilikuwepo injini. Juu yake palikuwa na mfuniko wa bluu. Nilizijua hata chembe za mchanga zilizoganda kwenye rangi ile, kwa sababu Baba aliipaka siku ya upepo akakasirika.

Sikuwahi kupata kuelewa jambo kwa ghafla namna ile, wala sijapata tena. Nywele hazikuwa zimeanguka. Mtu alikuwa amezichukua akazivaa. Na nilikuwa nimewapikia. Nikatapika biskuti yote juu ya miguu ya Baba Mkubwa, ikasambaa kwenye maji.

"Aka! Mtoto gani huyu!" akaruka. "Mnampa nini huko nyumbani?"

Mama alikuwa ameshafika. Alinifuta mdomo kwa upindo wa kanga yake, pole pole, pembe zote mbili. Akaitazama miguu ya Baba Mkubwa, akaiacha ilivyo, tukaondoka.

Njiani nikamwambia, "Mama, kumbe haioti."

"Haioti, mwanangu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Tulitembea. Nikamuuliza sasa gari la Baba litabaki hivyo milele, kipara. Mama akasimama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu msiba nilimwona anakaribia kucheka. "Si unamwona shangazi yako na rasta zake? Zile nywele ni zake?"

"Hapana, za dukani."

"Na hapendezi?"

"Anapendeza."

"Basi," akasema, "na sisi tutalisuka."

Na kweli alilisuka. Kidahwe, kando ya barabara, kulikuwa na basi dogo lililoanguka likakunjamana mbele na nyuma, lakini injini yake ya dizeli ilikuwa nzima. Mwenyewe alikuwa na familia kubwa na kikaango kikubwa, akakubali kulipwa kwa mawese. Mama alimpelekea mawese kidumu kwa kidumu mpaka yule bwana akasema imetosha, chukua chuma chako.

Fundi alikuwa Kasongo, jirani yetu, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo akiwa mchanga. Huyo alikuwa mtu wa madaha. Alikuja kazini amepiga pasi suruali, akaivua nyuma ya choo akavaa ovaroli, na jioni akatoka kama alivyoingia, amejipulizia manukato. Alikuwa haachi kusema hata akiwa chini ya gari. Alipoiona ile injini karibu na landrova yetu, akashika kiuno. "Mama, miye nakuambia kweli. Hii motere ya Mjapani na hii giaboksi ya Mzungu haziyuane hata kidogo."

"Sasa?"

"Sasa tunazitafutia mshenga."

Mshenga alikuwa bamba nene la chuma, la kukaa katikati, upande mmoja matundu ya injini, upande wa pili matundu ya giaboksi. Kasongo alilikata kwa msumeno wa mkono akiimba nyimbo za kwao. La kwanza alikosea katikati yake. Injini ilipowashwa ilitikisa gari zima, mlango ukadondoka, kuku wakaruka ukuta, na Kasongo akatoka chini mbio akidhani linamlalia. Mama alikuwa amesimama na mikono kichwani. Kasongo akajifuta uso. "Mshenga alikuwa mulevi," akasema. "Tulete mwingine." Akakata la pili, safari hii kimya, bila wimbo.

Shida ya mwisho ilikuwa kimo. Injini ya dizeli ilikuwa ndefu kuliko ya Baba, boneti haifungi. Kasongo alikata tundu kwenye boneti, lakini mvua ingeingia. Mama akaingia ndani akatoka na karai lake la kupimia dagaa, akalifunika juu ya tundu. Likakaa sawasawa. Kasongo akalichomelea palepale, na harufu ya dagaa walioungua ikajaa Katubuka nzima. Tangu hapo gari letu lina nundu. Watoto wa mtaani walikuwa wanalikimbiza wakiimba "Nundu! Nundu!", nami nilikuwa nawatolea ulimi kupitia dirishani.

Lilipowaka vizuri mara ya kwanza lilitoa moshi mweusi na mngurumo wa mashine ya kusaga. Halikuwa na sauti ya Baba hata kidogo. Nililia kidogo kwa hilo, kisha nikazoea. Kasongo akamfundisha Mama kuendesha kwenye uwanja wa mpira, akipiga kelele kuliko injini, na masika hayajaisha Mama akarudi kutoka Ilagala usukani mikononi, matope mpaka kwenye nundu, magunia yote makavu chini ya turubai. Usiku ule tulilala chumba kitupu. Nilinusa ukuta, nilinusa mkeka, nikalala.

Mnadhani iliishia hapo? Hamumjui Baba Mkubwa. Ile injini ya Baba ilikuwa ya barabarani. Huko majini aliifanya inywe maji ya ziwa na mchanga wake mpaka ikakwama, ikafa. Basi akaja kwetu na wazee wawili wa ule mkeka, amevaa koti, mkononi pakiti ya biskuti. "Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha, sauti ya upole. Akaeleza kwamba ukoo umekaa umefikiri. Mjane bado kijana, anaweza kuolewa, na gari la marehemu likaenda kwa watu baki. Heri lirudi likae katika mikono salama. Alipotaja mikono salama alikuwa ananipa biskuti.

Mama hakupandisha sauti. Aliwapa viti, akawapa maji, kisha akaenda akafungua boneti yenye nundu. "Karibuni, wazee wangu. Shemeji, nawe karibu. Chagueni kilicho cha ukoo mchukue. Injini hii ni ya mawese yangu. Bamba lile ni la Kasongo, nimemlipa. Karai ni langu tangu niolewe. Na bodi mlinipa ninyi wenyewe mbele ya watu. Injini ya ukoo iko Kibirizi, nasikia inanuka."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Baba Mkubwa akatazama mle ndani, tabasamu likabaki usoni bila kazi. Waliondoka bila kumaliza maji. Zile biskuti niliwamwagia kuku, nao wakazidonoa wakaziacha.

Huyo ndiye mlezi wa yatima. Nundu ndiyo iliyotusomesha, sote wawili. Baba Mkubwa hakurudi tena uani kwetu, ila kwenye harusi na misiba alikuwa ananikumbatia mbele za watu, anasema, "Huyu nimemlea mimi," na mimi nashikilia pumzi mpaka aniachie.

Sasa sikieni ya wiki hii. Kule ofisini, zile sifa za kundini bado nazisoma, kabla sijaweka simu mezani akanipigia Kaka Eliya, mtoto wa Baba Mkubwa. Maziko ni nyumbani kwa ukoo, milimani juu ya Kidahwe, na mvua imekata barabara. Gari la kubebea maiti limejaribu likarudi. "Dada yangu, ni ile landrova ya Mama Mdogo tu inayoweza kupanda kule. Ukoo unaomba gari."

Nilikwenda kwa Mama palepale. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia, nikaongeza yangu yote: wabebe kwa mikokoteni, wamvute kwa kamba, lakini mtu yule asilazwe kwenye gari la Baba, nitalichoma moto kwanza. Mama akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwambie Eliya gari watapata," akasema. "Ni msiba. Waje Jumamosi asubuhi."

"Mama!"

"Nimesema watapata." Akapepeta mchele. "Halafu mpitie Kasongo. Mwambie aje kesho, na mnyororo wake."

Nilirudi kwangu na kinyaa ambacho sasa kilikuwa kimemfikia hadi mama yangu mzazi. Nilisema ndio hivyo, watu wema wanakufa na wema wao, wabaya wanazikwa kwa heshima. Sikulala vizuri.

Jumamosi nilifika wakati mmoja na Eliya na vijana wake. Landrova ilikuwa imesimama uani inang'aa, imeoshwa mpaka kwenye matairi, tanki limejazwa, na kwenye kioo cha mbele Mama ameweka tawi la kijani kama inavyotakiwa kwa gari la msiba. Mzee Kasongo alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali imepigwa pasi. Eliya alimshika Mama mikono miwili, akamshukuru mpaka machozi, akapokea ufunguo. Akaingia, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Akashuka, akafungua boneti yenye nundu.

Mle ndani palikuwa na nyaya zinazoning'inia na tundu kubwa. Injini ilikuwa kando ya jiko, imekalishwa juu ya tairi, imefunikwa kanga safi.

"Mama Mdogo," Eliya akasema, "injini iko wapi?"

Mama alikuwa ameshajifunga kanga ya msibani, pikipiki inamsubiri nje impeleke akakae na wafiwa wenzake. Alimtazama kijana wa watu bila hasira yoyote.

"Mliomba gari, baba. Injini mliomba lini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama aliponipita kuelekea getini, alinipapasa kichwa, mimi mtu mzima na nywele zangu zimeanza mvi.

"Usinune," akaninong'oneza. "Si tuna msiba? Tumelinyoa tu. Jumatatu Kasongo anairudisha."